Mwaka wa Kusoma Biblia kwa Sauti, Kutoka Mwanzo Hadi Ufunuo

Januari 1. Mwanzo 1–3

Tumeanza leo jioni, mimi na Mama, hapa nyumbani Njombe, baada ya kurudi kutoka ibada ya Mwaka Mpya. Macho ya Mama yameshikwa na mtoto wa jicho, na herufi za Biblia hazioni tena hata akiisogeza dirishani. Kwa hiyo mimi nasoma, yeye anasikiliza huku mikono yake ikipukuchua maharage. Biblia ni ile aliyoiacha marehemu baba, ya Union Version, tafsiri iliyotoka mwaka 1952. Sura zote ni 1,189. Tumekubaliana tatu kila siku na tano Jumapili, bila kuruka kitu. Hilo la kutoruka amelisisitiza Mama. Ameenda kanisani maisha yake yote, na anasema mahubiri aliyosikia yametoka katika kurasa zilezile.

"Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi." Ludwig Krapf alianza kukitafsiri kitabu hiki kwa Kiswahili kule Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, naye akaendelea na kazi. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilikuja kuchapwa mwaka 1891. Nikiyaweka hayo moyoni, siwezi kusoma sura ya kwanza harakaharaka.

Januari 5. Mwanzo 16

Hajiri. Sikuwahi kuona jambo hili mpaka niliposoma kwa sauti: katika sura nzima, Sarai na Abramu hawamtaji Hajiri kwa jina. Sarai anasema "mjakazi wangu", Abramu anasema "mjakazi wako". Wa kwanza kumwita Hajiri kwa jina lake ni malaika wa BWANA, jangwani, penye chemchemi, tena anamuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi.

Mama alisimamisha mikono. "Mungu alimuuliza," akasema. "Sisi msichana wa kazi akija, tunamwonyesha jiko lilipo, basi."

Naye Hajiri, mtumwa, mjamzito, mkimbizi, anampa Mungu jina: Mungu amwonaye. Sikumbuki kusikia hili likihubiriwa. Abrahamu tumehubiriwa mara nyingi sana.

Februari 3. Walawi 19

Wengi walituonya kwamba Walawi ndipo watu wanapoachia njiani. Sura za ukoma na kuvu ya nyumba zilipita, nazo nazishukuru kwa jambo moja, kwamba kuhani anaambiwa asimtangaze mtu kuwa najisi kwa kumtazama mara moja. Pakiwa na shaka anangoja siku saba, anatazama tena.

Sura ya 19 ni habari nyingine kabisa. Usivune hadi pembe za shamba lako. Usiokote masazo. Waachie maskini na mgeni. Usilaze ujira wa kibarua kwako hadi asubuhi. Usimlaani kiziwi, wala usimwekee kipofu kikwazo mbele yake. Mgeni akaaye kwenu mpende kama nafsi yako, kwa kuwa ninyi mlikuwa wageni katika nchi ya Misri. Kila baada ya amri kadhaa inarudi sauti ileile: Mimi ndimi BWANA.

Mama anasema utotoni kwao, shamba likishavunwa, wajane walikuwa wakiingia kuokota maharage yaliyobaki na hakuna aliyewafukuza. Tulikaa juu ya mistari hiyo muda mrefu kuliko tulivyopanga.

Februari 13. Hesabu 27

Leo nataka kuandika kwa kirefu.

Tulikuwa tumetoka kwenye hesabu ya pili ya makabila, sura ya 26, majina na idadi, wazee wa nyumba, wanaume wenye kwenda vitani. Katikati ya orodha mstari mmoja unataja kwamba Selofehadi hakuwa na wana wa kiume, ila binti. Nilisoma, nikapita. Kumbe mstari ule ulikuwa unatutayarisha.

Sura ya 27 inafungua na binti wale, watano, wanakuja wenyewe. Wanasimama mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote, mlangoni pa hema ya kukutania. Hawakumtuma mjomba awasemee. Wanasema baba yetu alikufa jangwani, hakuwa na mtoto wa kiume, kwa nini jina lake lifutike katika jamaa yake kwa sababu hiyo? Tupeni milki kati ya ndugu za baba yetu.

Musa hakuwajibu papo hapo. Alilileta neno lao mbele za BWANA. Na BWANA akasema kwamba binti za Selofehadi wamesema haki, wapewe. Kisha akaifanya iwe sheria kwa Israeli wote.

Mama akainua kidole. "Rudia."

Nikarudia. Akasema, "Rudia pale Mungu aliposema."

Niseme kwa nini. Babu, baba yake Mama, alizaa mabinti watupu, wanne. Alipofariki, kikao cha ukoo kilikaa siku ya kuanua matanga, shamba lote likaenda kwa upande wa ndugu wa kiume. Mama alikuwa msichana wa miaka kumi na kitu. Anakumbuka alipokuwa amesimama, nje, karibu na ghala la mahindi, na anakumbuka mama yake akiwaambia wasilie mbele za watu. Hakuna aliyewauliza neno. Baada ya hapo walipewa kipande cha kulima kwa huruma, kisha kikachukuliwa nacho. Waliofanya hivyo walikuwa wacha Mungu, wengine wazee wa kanisa. Walifanya kama mila ilivyosema, na hakuna aliyesimama akasema kuna sura ya 27.

"Walikuwa nayo hii Biblia?" Mama akaniuliza.

Nikamwambia, "Ndiyo Mama, walikuwa nayo."

Hakusema zaidi. Nami usingizi haukuja upesi. Nilifikiria kesi tuliyoisikia sana, ya mwaka 1990, Mahakama Kuu kule Mwanza, Jaji Mwalusanya alipoamua kwamba Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alikuwa na haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa baba yake, sawa na mwanamume. Nikafikiria Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayompa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Watu walizipokea kama mambo mapya ya mjini. Na hapa, katika kitabu kinacholala juu ya kabati la kila nyumba ya Kikristo kijijini kwetu, lilikuwa limeandikwa tangu zama za Musa, na limetoka kinywani mwa Mungu mwenyewe.

Ninampenda sana Mungu huyu aliyekubali neno la mabinti watano mbele ya mkutano mzima.

Februari 16. Hesabu 36

Habari haikuishia pale. Kitabu cha Hesabu kinafungwa na wakuu wa jamaa yao wakileta hoja yao: hawa wakiolewa na kabila jingine, ardhi itahama nao. Jibu likatoka kwamba waolewe na wampendaye, ila ndani ya kabila la baba yao. Nao wakaolewa na wana wa ndugu za baba yao.

Mama hakuipenda sana. "Wamewapa, halafu wakawafunga kamba." Mimi nasoma tofauti kidogo, naona urithi wao haukutenguliwa, na hata wazee waliokuwa na wasiwasi ilibidi waanze hoja yao kwa kukubali kwamba BWANA aliagiza. Lakini sikubishana naye. Yeye ndiye aliyesimama karibu na ghala.

Machi 4. Yoshua 17

Hawa hapa tena! Miaka imepita, Musa amekufa, nchi inagawanywa kwa kura. Mabinti wanakwenda kwa Eleazari na Yoshua, wanawakumbusha: BWANA alimwagiza Musa atupe urithi. Wakapewa.

Nilipofika hapo Mama alipiga kofi moja. Anayesoma Hesabu 27 peke yake anapata ahadi. Anayefika Yoshua 17 anaona ahadi imelipwa, tena kwa sababu wenyewe walikwenda kudai mara ya pili. Kumbe hata neno la Mungu mwenyewe lilihitaji mtu wa kwenda kulikumbusha ofisini.

Machi 12 na 13. Waamuzi 19–21, Ruthu 1–4

Nilimuuliza Mama kama turuke Waamuzi 19. Akasema, "Soma, mwanangu. Lilimpata mtu." Nikasoma habari ya yule suria wa Mlawi, aliyetolewa nje usiku ili mume wake apone, na asubuhi mikono yake iko kizingitini. Hana jina. Kitabu hakipambi, hakimtetei yeyote, kinasema tu kwamba kila mtu alifanya lililo jema machoni pake mwenyewe. Sikuweza kuandika chochote usiku ule.

Kesho yake tukaingia Ruthu, ni ukurasa wa kugeuza tu. Wakati ni uleule, zama za waamuzi, nchi ni ileile, na Bethlehemu inatajwa kotekote. Lakini hapa kuna mtu anaitwa Boazi anayewaamuru vijana wake wasimguse mwanamke mgeni anayeokota masazo shambani. Masazo yale ni ya Walawi 19. Tulikuwa tumeisoma sheria mwezi uliopita, leo tumeona mtu anaishika, na kwa kuishika kwake mjane Mmoabi anakula. Mama aliitambua kabla yangu. "Pembe za shamba," akasema.

Machi 29. 2 Samweli 21

Rispa, suria wa Sauli. Wanawe wawili wameuawa pamoja na wajukuu watano wa Sauli kwa ajili ya deni la damu la watu wazima, na miili imeachwa mlimani. Akachukua gunia, akalitandika juu ya mwamba, tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha. Mchana akafukuza ndege, usiku akafukuza wanyama. Hasemi neno hata moja katika sura nzima. Daudi akasikia, akaenda kuikusanya mifupa na kuizika, hata ya Sauli na Yonathani. Baada ya hapo, inasema, Mungu akaombwa kwa ajili ya nchi akasikia.

Niliifunga Biblia tukaimba wimbo mmoja wa tenzi.

Aprili 16. 1 Mambo ya Nyakati 7

Sura tisa za majina. Ulimi unachoka, nakiri ni kazi. Halafu, katikati ya ukoo wa Manase, sura ya 7 mstari wa 15: Selofehadi, naye alikuwa na binti. Mama alikuwa anasinzia, akafumbua macho. "Bado wapo!" Mwandishi aliyeandika baada ya uhamisho wa Babeli, karne nyingi zimepita, bado aliona wanastahili kutajwa.

Mei 27. Ayubu 42

Ayubu tumekisoma kwa siku nyingi, na hotuba za wale rafiki watatu zilituchosha kama zilivyomchosha yeye. Nilichokuwa nangoja ni Mungu kusema kutoka katika upepo wa kisulisuli, na alisema. Lakini kilichotushangaza kipo mwisho kabisa, baada ya kondoo na ngamia kurudishwa. Wana saba wa mwisho hawatajwi majina. Mabinti watatu wanatajwa: Yemima, Kesia, Keren-hapuki. Na baba yao akawapa urithi pamoja na ndugu zao wa kiume.

Hao walikuwa na ndugu wa kiume, na bado wakapewa. Sheria ya Hesabu haikumlazimisha Ayubu kufanya hivyo. Mtu aliyepoteza kila kitu, aliyekaa jivuni, aliporudishiwa mali aliigawa kwa namna nyingine. Naamini mateso yalimfundisha kuona nani anaachwa nje ya kikao. Maandiko hayasemi hivyo moja kwa moja, ni mimi nasema.

Juni 23. Zaburi 88

Baridi ya Juni imekaza, maji ya ndoo asubuhi hayashikiki. Jirani yetu amefiwa na binti yake wiki hii, tumetoka msibani jioni. Pale msibani watu walikuwa wakimwambia yule mama asilie, aseme asante, Mungu hakosei.

Kisha zamu yetu ikaangukia Zaburi ya 88. Zaburi nyingi zenye kilio hugeuka kabla ya kuisha, hata ile ya 13 inayoanza na "hata lini" inaishia na wimbo. Hii haigeuki. Mtu analia usiku na mchana, anauliza kwa nini Mungu anamficha uso, na neno la mwisho la zaburi ni giza. Imo katika kitabu cha nyimbo cha watu wa Mungu, haikuondolewa, haikumaliziwa na mtu mwingine kwa maneno ya kutia moyo.

Tulikuwa na zaburi mbili nyingine za kusoma. Mama akasema inatosha kwa leo. Asubuhi alinituma kwa jirani na kibuyu cha maziwa, akaniagiza, "Ukifika usimwambie asilie."

Agosti 25. Yeremia 29

"Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA." Mstari wa 11. Uko kwenye mabango ya mahafali, kwenye fulana za kwaya, nyuma ya mabasi. Nimewahi kuuandika mwenyewe kwenye kadi za wanafunzi wangu wa darasa la saba, na nitaendelea kuuandika.

Lakini leo tumeusoma na majirani zake. Ni barua. Imetumwa Babeli kwa watu waliotekwa, ambao kila siku nabii fulani alikuwa akiwaahidi kwamba watarudi nyumbani upesi. Yeremia anawaandikia jengeni nyumba, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, ozesheni, uombeeni amani mji ule uliowateka. Mstari wa 10 unataja miaka sabini. Maana yake wengi walioisikia barua ile ikisomwa wangezikwa ugenini, na tumaini lile la mstari wa 11 lingewafikia watoto na wajukuu.

Tumaini la namna hiyo lina uzito kuliko lile la kwenye bango. Linamwambia mtu apande mti. Mama alipanda miparachichi nyuma ya nyumba akiwa tayari mzee, watu wakamuuliza ataila lini. Sasa wajukuu ndio wanaoipanda kuchuma.

Oktoba 12. Malaki 4, Mathayo 1

Agano la Kale limekwisha kabla ya chakula cha usiku na tukaendelea bila kusimama. Mathayo anafungua kwa orodha ya ukoo. Miaka yote nimeiona sehemu hii kama mlango wa kupita haraka kwenda kwenye Krismasi. Safari hii tuliwajua. Tamari, wa Mwanzo 38, aliyenyimwa haki yake na mkwewe Yuda. Rahabu wa Yeriko. Ruthu wa masazo. Na yule "mke wa Uria", ambaye Mathayo hasemi jina lake bali jina la mume aliyeuawa, ili dhambi ya Daudi isifunikwe hata katika ukoo wa Masihi. Mama alikuwa akiitika kila jina, "ehee", kama anayepokea wageni mlangoni. Tulipofika kwa Mariamu nilikuwa nimeelewa kwamba Yesu amezaliwa katika jamaa ambayo mambo yake yote yanajulikana.

Novemba 11. Matendo 8

Towashi wa Kushi, yaani mwanamume aliyehasiwa, yuko garini, njia ya Gaza, anasoma chuo, yaani kitabu, cha Isaya kwa sauti. Filipo alimsikia akisoma. Ametoka kuabudu Yerusalemu. Torati, Kumbukumbu 23, ilikataa mtu wa namna yake kuingia katika mkutano wa BWANA. Anasoma sura ya 53, mwana-kondoo aliye kimya. Sisi tulikuwa tumesoma Isaya Agosti, na tulikumbuka kwamba sura tatu mbele, ya 56, Mungu anawaahidi matowashi wanaoshika agano lake mahali na jina ndani ya nyumba yake, jina lililo jema kuliko kuwa na wana na binti. Kilikuwa ndani ya chuo kilekile alichokishika mkononi. Akaona maji, akauliza ni nini kimzuiacho asibatizwe. Hakuna kilichomzuia.

Torati ilimfungia, nabii akaahidi, na barabarani akabatizwa. Ukisoma Matendo 8 pekee unaona ubatizo mzuri. Ukitokea Kumbukumbu unaona lango zito limefunguka, na nilisoma sehemu ile nikiwa na machozi.

Desemba 12. 2 Timotheo 4

Paulo yuko kifungoni, anajua kufa kwake kumekaribia, na anaomba joho lake aliloliacha kwa Karpo huko Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Timotheo ajitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi. Mama, ambaye kila jioni anaomba shali, alinyamaza kidogo akasema, "Na vitabu."

Desemba 31. Ufunuo 20–22

Tumemaliza mchana, mapema, ili tuwahi mkesha. Bahari haipo tena, machozi yanafutwa, malango ya mji hayafungwi, na majani ya mti ni ya kuwaponya mataifa. Milango ile kumi na miwili ina majina ya kabila kumi na mbili za Israeli. Manase ana mlango? Mama aliuliza, kwa sababu ya mabinti wake. Nilirudi sura ya 7, Manase yumo katika orodha ya waliotiwa muhuri. Akaridhika.

Kabla ya kutoka tulizungumza na kina mama wawili wa jumuiya waliokuja kutupitia. Wamesikia mwaka mzima kwamba tunasoma, nao wanataka tuanze pamoja Januari, nyumba kwa nyumba. Mmoja aliuliza tuanzie wapi, Injili ya Yohana labda. Mmoja wao ana shauri la shamba la marehemu mumewe, liko baraza la ardhi la kata hadi sasa, na shemeji zake wanamtaka aondoke. Mama akasema tutaanza Mwanzo kama kawaida, lakini wiki ya kwanza, kabla ya yote, tutasoma Hesabu 27, na sura hiyo ataisema yeye mwenyewe, kwa kichwa, na mimi nifuatilie kwenye Biblia nimsahihishe akikosea neno.